Kichwa cha Jerrica

Jumapili, 3 Septemba

Daftari hili sikuliomba. Dada Ozella Tate amelitia mkononi mwangu leo baada ya ibada, mbele za watu, ili nisiweze kukataa. Ndivyo alivyo. Kazi ya uuguzi msaidizi amestaafu miaka sita sasa, lakini kuingilia mambo ya watu hajastaafu. Binti yeyote wa kanisa letu akishika mimba, Ozella huyo mlangoni na kipimo chake cha presha ndani ya mfuko wa plastiki. Kaniambia niandike tarehe, saa, na nani kasema nini, kila siku mpaka mtoto azaliwe na wiki sita baada ya hapo. Nikamwuliza kama kuna kesi imeshafunguliwa. Hakucheka.

Basi naandika. Mwanangu Jerrica ana mimba ya wiki thelathini, ya kwanza. Ana miaka ishirini na tisa na anafundisha sayansi. Mumewe Demond anaendesha lori, wiki mbili njiani, wiki moja nyumbani, kwa hiyo Jerrica amerudi kwangu mpaka ajifungue. Mimi Lavonia ni msusi, miaka thelathini na minne sasa kwenye kibaraza changu cha nyuma. Joto la leo ni la kuua mtu. Umeridhika, Ozella?

Jumanne, 5 Septemba

Hakuna jipya. Mtoto anapiga mateke. Tumekula sukuma na mkate wa mahindi.

Ijumaa, 8 Septemba

Kliniki. Nilivaa suti yangu ya buluu ya kanisani na lulu za marehemu mama, nikamfanya Jerrica avae gauni lenye kola na kitambulisho cha shule shingoni. Akanung'unika kwamba tunaenda kupima mkojo, hatuendi kuposwa. Nikamwambia wewe vaa tu. Wale wa kliniki wakiona mtu mweusi wanaamua kwanza, kusikiliza baadaye. Pete ya ndoa ionekane, sauti iwe ya chini, utabasamu kidogo, useme tafadhali na asante. Hayo sikuyazua mimi. Nilifundishwa, na yamenifikisha hapa nilipo.

Wodi ya wazazi ya mji wetu waliifunga mwaka juzi, ikabaki kliniki peke yake. Kuzaa ni jijini, maili hamsini. Lakini kliniki tunaye nesi Peggy, mzungu wa rika langu, mcheshi, kila nikienda ananiuliza habari za pai zangu. Huyo ni mtu wetu. Nimemwahidi pai ya pekani, zile njugu za mti wangu wa uani, zikianza kudondoka.

Jumamosi, 16 Septemba

Demond yuko nyumbani. Kijana mwema, ila ana maswali huyo, utadhani karani wa mahakama. Jana kliniki alimwuliza nesi Peggy kwa nini majibu ya mkojo hayajaandikwa, presha ikifika ngapi ndiyo mbaya, na siku ya kujifungua atakayekuwa zamu ni nani. Nikaona uso wa Peggy unafunga. Garini nikamwambia mkwe wangu taratibu kwamba mwenye maswali mengi wanamwandika mkorofi kwenye faili, na faili hilo litafika jijini kabla ya mke wake.

Akaniuliza, "Na asiyeuliza, Mama, wanamwandika nini?"

Nikawasha redio.

Jumapili, 24 Septemba

Miguu ya Jerrica imevimba. Kwa joto hili nani hajavimba.

Jumapili, 1 Oktoba

Ozella kaja na mfuko wake, kampima Jerrica mezani kwangu wakati kuku anapoa. Mia na thelathini na mbili kwa themanini na nne. Akasema imepanda kidogo tangu mwezi uliopita. Nikamwambia imepanda kwa sababu yako, maana ukiingia humu hata mimi inanipanda. Jerrica akacheka mpaka akashika tumbo. Ozella akaiandika namba kwenye daftari langu kwa mkono wake mwenyewe, akala mapaja mawili ya kuku, akaenda zake.

Jumamosi, 7 Oktoba

Pekani zimeanza kuanguka kwenye bati la kibaraza. Ta. Ta-ta. Wateja wanaruka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo nimemsuka Jerrica. Wiki thelathini na sita. Kwetu mwanamke haendi kujifungua na kichwa kitupu. Hujui utalala huko siku ngapi, hakuna wa kukuchania, na picha ya kwanza ya mtoto itakaa ukutani miaka yote. Nimetumia saa saba pamoja na mapumziko, misuko sitini na nne ya nywele za kuunga. Nimeikaza vizuri, maana nataka ishike mpaka siku ya kumpeleka mtoto kanisani. Imetoka safi, ingawa ni mimi ninayejisifu.

Tangu ana miaka mitatu Jerrica hukaa hapo katikati ya magoti yangu. Mtoto anayelia akisukwa huku tunamwita kichwa-laini, na hiyo si sifa. Jerrica hakuwahi kuwa kichwa-laini. Akikunja uso nilimgonga bega kwa chanuo na kumwambia atulie, haumwi. Naye alitulia. Watu walinisifia mtoto.

Nitaandika na hili, kwa kuwa Ozella anataka kila kitu. Nilipomzaa Jerrica nilipiga kelele. Nesi akaja akaniambia nipunguze sauti, kuna wagonjwa wa kweli mle ndani, akafunga mlango. Kwa saa tano sikuona mtu mwingine. Nikaapa kwamba mwanangu hatawapa sababu ya kumfungia mlango.

Jumapili, 15 Oktoba

Jerrica hakwenda ibadani, kichwa kinamgonga. Ni misuko mipya hiyo. Nimempa vidonge viwili na kumpulizia maji ya mnanaa kwenye ngozi ya kichwa. Nikamtania kwamba ualimu umemfanya kichwa-laini ukubwani. Alicheka huku amefumba macho.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kliniki. Pete haikuingia, vidole vimejaa. Nikaipaka mafuta ya nywele nikaisukuma mpaka ikapita, Jerrica kang'ata mdomo. Siwezi kumpeleka pale bila pete.

Presha mia na arobaini na nne kwa tisini na mbili. Nesi Peggy akasema wengi hupandisha wakiona koti jeupe. Jerrica akasema kichwa kinauma. Akaulizwa kwa namba, moja mpaka kumi, akasema nne. Peggy akamtazama nywele, akasema zimependeza, nani huyo kamkaza hivyo. Nikacheka, nikasema ni mimi nesi, mkono wangu mzito, ni misuko yangu tu. Akacheka naye. Pai aliipokea kwa mikono miwili. Turudi Jumatatu ijayo. Tumeagana vizuri.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri, mkia wa kimbunga kinachopita baharini kusini. Pekani zinalipiga bati ovyo, zinaangushwa na upepo hata zisizoiva. Jerrica katapika mara mbili, kasema ni ile nyama ya moshi tuliyokula jana. Kichwa je? Nne. Kila nikimwuliza, nne. Nimeilegeza misuko miwili ya mbele, hakusema kitu.

Demond kapiga simu mara tano kutoka Tennessee. Ozella kapita na mwavuli wake, nikamwambia Jerrica amelala. Hakuwa amelala. Sikutaka tu kuambiwa kwamba nakaza sana nywele za watu. Ananisema hivyo tangu nilipofungua kibaraza.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimelala kidogo kwenye kiti. Naandika yote, kwa mpangilio wake, wala sitaficha.

Jana asubuhi Jerrica alikuwa mezani anatazama simu, akaniuliza kwa nini Demond anatuma maneno nusunusu. Nikaichukua ile simu. Maneno yalikuwa mazima. Alikuwa haoni upande mmoja. Kisha akasema kuna nyota zinamulikamulika, na chini ya mbavu upande wa kulia kuna kitu kinambana tangu juzi. Nikamwuliza, tangu juzi, mbona hukusema?

"Nilikuwa najitahidi kutulia, Mama."

Ndipo nikampigia Ozella. Aliuliza swali moja tu, presha ya Jumatatu ilikuwa ngapi. Nilipomwambia akanena polepole kama anayeamrisha watoto kuvuka barabara: nimtie garini sasa hivi, nisibadili nguo, nichukue daftari, na nikifika niseme wiki thelathini na sita, kichwa siku ya nne, haoni vizuri, presha juu. Nisiongeze neno.

Nilibadili nguo. Mungu anisamehe. Nilivaa suti ya buluu na lulu, nikampaka Jerrica mafuta usoni. Dakika kumi na mbili, nimezihesabu baadaye.

Maili hamsini kwenye mvua. Saa nne na robo tulikuwa ghorofa ya wazazi, mbele ya dawati. Nesi aliyekuwepo ni msichana mwenye sauti nzuri. Nikayasema maneno ya Ozella yote manne. Alikuwa anachapa, akainua macho, akaiona misuko. Akauliza tumesuka lini. Jumamosi. Akatabasamu, akasema mara nyingi huwa ni hiyo, rafiki yake huumwa vilevile kila akisuka. Akasogeza kompyuta akasoma alichoandika nesi Peggy: kichwa, sababu ni misuko mipya, mama wa mgonjwa amethibitisha.

Amethibitisha. Maneno yangu yalitutangulia kufika jijini.

Akamwuliza Jerrica, moja mpaka kumi. Jerrica akasema nne. Tukaambiwa tukae, wapo watatu mbele yetu. Na mimi, na suti yangu, nikasema asante.

Nusu saa. Nikarudi dawatini, sauti ya chini, tafadhali. Nikajibiwa kwa upole kwamba wanatukumbuka. Robo saa nyingine. Jerrica alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mapaja na kujifunika macho kwa viganja, taa zinamchoma. Nikatazama ile misuko yangu mizuri sitini na nne. Nikaelewa kwamba ikiwa kichwani pale hakuna atakayetafuta sababu nyingine, na aliyewapa sababu hiyo ni mimi.

Nikafungua mkoba nikatoa mkasi na chanuo. Nikaanza kufumua.

Mwanamke wa usafi, beji inasema Renita, alisimamisha mopu yake akauliza kulikoni. Nikamwambia wanasema ni nywele. Alinitazama, akamtazama Jerrica, akavua glavu akavuta kiti upande wa pili. Tulikata nchani, tukafumua, tukakata, tukafumua. Mlinzi akaja akauliza kama hatuwezi kufanyia hayo mahali pengine. Renita hakuinua hata macho, akamwambia mwenye kufagia hapa ni yeye. Kazi ya saa tatu tuliimaliza kwa dakika arobaini na tano. Nywele za mwanangu zilibaki zimesimama wima, mistari yangu bado inaonekana kichwani.

Nikamwuliza, na sasa?

"Kinazidi, Mama."

Nilizikumbatia zile nywele zote za kuunga, nikazimwaga juu ya dawati, juu ya fomu zao. Sauti niliyoitoa sijaitoa tangu siku nilipomzaa yeye.

"Misuko hiyo hapo, ni yangu, ichukueni. Kichwa kile pale hakina kitu na bado kinauma. Jumatatu niliwaambia ni misuko. Nilikosea. Sasa mpimeni mwanangu!"

Nikafungua daftari nikasoma. Tarehe moja Oktoba, hii. Tarehe kumi na sita, hii. Pete haikuingia. Katapika mara mbili. Haoni upande mmoja. Yule msichana alisimama akaja na kipimo mwenyewe, akamwuliza tena Jerrica kwa namba. Nikaona mdomo wa mwanangu unajipanga kusema ile nne. Nikapiga magoti mbele yake na suti yangu.

"Hapa hakuna chanuo, mwanangu. Sema."

"Kumi," akasema. "Tangu Jumapili ni kumi."

Mia na themanini na mbili kwa mia na kumi na sita. Hapo watu walikimbia, na hapo nikajua kwamba kumbe wanaweza kukimbia. Kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu, macho yakamgeuka na mwili ukaanza kutupwa. Kifafa cha mimba. Mtu fulani alinibana ukutani ili wapite. Renita alinishika mkono, mkono wake una harufu ya sabuni ya sakafu, akanishika mpaka milango ikafungwa na hata baada ya kufungwa.

Wakampasua. Pete waliikata kwa koleo. Saa saba kasoro dakika ishirini mchana alizaliwa msichana, ratili tano na wakia mbili, analia kwa hasira. Jerrica alifungua macho jioni. Aliniuliza kuhusu mtoto kwanza, halafu akajipapasa kichwani, akasema, "Umenifanya nini, Mama?" Nikacheka na kulia kwa pamoja, nesi akaniletea kiti.

Demond alifika kutoka Tennessee na matope mpaka magotini. Alikaa kando ya mkewe wala hakuuliza chochote. Sikuwahi kutamani maswali yake kama leo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Dripu bado. Anaona vizuri, kasoma jina la dawa mwenyewe.

Jumapili, 22 Oktoba

Mtoto anaitwa Corinne. Kanisani wamempigia makofi bila yeye kuwepo.

Ijumaa, 27 Oktoba

Tuko nyumbani sote wanne. Mvua imekwisha, baridi ya leo inapenya. Ozella alikuwa ameketi kibarazani kwangu kabla hatujafika, na sufuria ya supu, nepi, na ule mfuko wake wa plastiki. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Atakuja kila siku, asubuhi na jioni, kupima. Kazi amezigawa kwa kina mama wa kanisa. Mmoja anafua, mmoja anapika, mmoja anamshika mtoto Jerrica alale saa tatu mfululizo bila kuitwa. Demond ameandika zamu zote ukutani kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia Ozella kwamba mtoto ameshazaliwa, si hatari imepita? Akapima kwanza, akaandika, akakunja kile kipimo polepole. Ndipo akanieleza habari za Delphine, binti wa dada yake. Alijifungua salama, akaruhusiwa. Siku ya tano alirudi kusema kichwa kinamwuma, wakamwambia mama mchanga anahitaji usingizi. Siku ya tisa wakamkuta sakafuni, mtoto kitandani. Ni miaka kumi na moja sasa. Kumbe ndiyo maana ya zile wiki sita.

Nimemjua Ozella miaka arobaini. Nimecheka mfuko wake mbele ya watu. Sikuwahi kumwuliza kwa nini anaubeba.

Jumanne, 31 Oktoba

Watoto wa majirani wamekuja na vinyago vyao kuomba peremende, kama kila mwaka tarehe hii. Presha mia na thelathini na nne kwa themanini na sita.

Alhamisi, 2 Novemba

Kuna jambo linanisumbua nikaliweka mezani kwa Ozella tukiwa tunabangua pekani. Dakika kumi na mbili za suti, na zile arobaini na tano za kufumua. Jumla ni karibu saa nzima, na kifafa kilimpata dakika chache tu baadaye. Kama nisingekaa nafumua, si angepimwa mapema? Ozella akasema kama nisingefumua, hata saa nane asingepimwa. Kisha akabangua pekani nyingine.

"Suti ni yako, Lavonia, hiyo utaibeba mwenyewe. Lakini kipimo kinafungwa mkononi. Kingefungwa hata misuko ikiwa kichwani. Hayo ya kufumua walipaswa kuyabeba wao."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jumatatu, 6 Novemba

Kliniki, kidonda kinapona. Nilimwacha Jerrica avae atakavyo, akavaa suruali ya mazoezi na fulana ya Demond. Mimi nilivaa aproni yangu ya kazi, ina mafuta ya nywele mfukoni.

Nesi Peggy alipotuona akaanza kulia. Akasema hajalala, akasema ananiona kama ndugu, akasema angejua. Na mimi nilimpenda Peggy, siwezi kudanganya kwenye daftari. Mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye boksi la vitambaa vya karatasi ili nimpe, nimwambie usijali. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia hivyo. Nikalichukua lile boksi nikampa Jerrica, maana naye alikuwa analia, ila hakuna aliyemwona.

Jerrica alijifuta, akamwambia Peggy kwa sauti yake ya darasani kwamba Jumatatu ile namba ilikuwa mia na arobaini na nne kwa tisini na mbili, na kwamba hiyo namba haina nywele. Peggy akainamisha kichwa. Akasema ni kweli. Kwa sasa hilo linatosha. Pai sikupeleka.

Jumatano, 15 Novemba

Kesho hospitali ya jijini wametuita kikaoni, kwa sababu ya barua ya Demond. Kurasa tatu, maswali ishirini na mawili, nimeisoma nikajivunia mkwe. Wameomba na daftari.

Mchana huu nimekaa kibarazani na ukurasa wa tarehe kumi na sita. "Ni misuko yangu tu." Ukurasa mmoja, hata haujashonwa vizuri, ungetoka kwa kuvuta kidogo, na nani angejua. Nilishaushika pembe. Corinne akaanza kulia ndani, nikaenda kumchukua, na niliporudi upepo ulikuwa umelifunga daftari. Sikulifungua tena.

Alhamisi, 16 Novemba

Nilisoma yote mbele ya watu saba wenye tai. Ukurasa wa tarehe kumi na sita niliusoma kwa sauti ileile ya kurasa nyingine. Mmoja akarukia hapo hapo, akasema kwa upole mwingi kwamba kwa hiyo hata familia iliona ni nywele. Nilijua kwamba atasema. Nikamwambia ndiyo, mimi ni msusi, nikiona kichwa nafikiria nywele, ndiyo kazi yangu. Nikamwuliza, na yeye kazi yake ni nini?

Ozella alikohoa kwenye leso, najua alikuwa anacheka.

Wamesema kuanzia mwezi ujao, mwanamke mwenye mimba au aliyejifungua akitaja kichwa, kipimo kwanza, maswali baadaye. Wamesema pia watalipia nafasi mbili za kina mama wa kanisa letu wa kukaa na wazazi pale ghorofani, na wameuliza kama Ozella atawafundisha. Tutaona. Renita yupo kule na mopu yake, kasema atatuambia kama wanafanya kweli.

Ijumaa, 24 Novemba

Tunakula mabaki ya sikukuu ya shukrani ya jana. Corinne ratili nane.

Jumatano, 29 Novemba

Wiki sita zimetimia leo. Presha mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Ozella ameandika namba hiyo, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaomba kwenda bafuni. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi nilimpa pai nzima, nikamwambia asisahau kunirudishia chombo cha pai.

Jumamosi, 9 Desemba

Mti umebaki mtupu, bati liko kimya. Kesho Corinne anapelekwa mbele ya kanisa. Asubuhi Jerrica alikuja kibarazani na mto wa kukalia, akautupa chini mbele ya kiti changu, akaketi katikati ya magoti yangu kama zamani. Akasema nimsuke.

Tangu siku ile sijamgusa kichwa. Wateja nimewasuka, yeye hapana. Nikamwambia tufunge kitambaa tu, kipo kile cha zambarau. Akasema anataka misuko. Corinne alikuwa kwenye kikapu chake pembeni, anatazama dari.

Nikagawa nywele, nikaanza mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu niliona mabega yamepanda kidogo na shingo imekakamaa. Hakutoa sauti, kama nilivyomlea. Nikasimamisha vidole.

"Moja mpaka kumi?"

"Mama, jamani. Suka."

"Moja mpaka kumi, Jerrica."

Akasema, huku anatazama uani wala si mimi, kwamba ni sita. Na zamani, nikauliza, ulipokuwa mdogo? Akasema zamani zilikuwa nane, tisa, siku za Pasaka hata zaidi.

Nikafumua mistari yote mitatu. Machozi yalinidondokea kwenye mikono, nikayaacha. Nikaanza upya, kwa wepesi, nywele zipumue. Zitakaa wiki mbili tu, kisha tutasuka tena, kwani tuna haraka gani. Nikamwuliza, na sasa?

"Mbili." Halafu akaegemeza kichwa chake chote kwenye goti langu.

Ndipo Corinne akaanza kulia kule kikapuni, kile kilio chake cha hasira alichokuja nacho. Ulimi wangu ulikwisha kujipanga kumwambia nyamaza, tulia, huumwi. Miaka mingi nimesema hivyo, maneno yanatoka yenyewe. Nikaliweka chanuo chini, nikamnyanyua, nikamweka kwenye mapaja ya mama yake.

"Lia, bibi," nikamwambia. "Tunakusikia."